Jiwe la Mgogo Mlimani Igulya

Manyoni,
12 Mei 2024

Mnyamwezi wangu Josepha,

Sikusalimii. Mwanamke aliyenivua kofia mbele ya wastaafu wenzangu wote hana haki ya salamu, na wewe mwenyewe ulisema pale mlimani kwamba mtani hasalimiwi, mtani hudaiwa. Basi mimi nadai kofia yangu.

Tumefika salama. Treni ilitushusha alfajiri, na tangu siku hiyo Masanja, yule mwenzetu mnene uliyemsukuma mgongoni kwenye mwamba, anausimulia mlima wako kila kijiwe cha kahawa. Anawaambia watu kwamba asubuhi ulitupeleka Kwihara kuliona lile tembe la misafara ya zamani, kisha ukatupakia tena kwenye kibasi mpaka chini ya Igulya, ukatuambia kilichobaki ni mwendo mdogo tu. Nataka nikwambie kitu kuhusu mwendo mdogo wa Mnyamwezi. Nilitembeza barua kwa miguu na baiskeli mpaka nilipostaafu, lakini magoti yangu hayajawahi kunitukana kama siku ile.

Halafu pale karibu na kilele ukapanua mikono njiani, ukasema Mgogo hapiti bila hongo, kwa sababu babu zangu waliwatoza babu zako nguo na shanga kwa kila mtungi wa maji walipopita Ugogo na pembe mabegani. Wenzangu wote wakapita. Mimi peke yangu nikazuiwa, kofia ikachukuliwa, na ukaivaa wewe mpaka tukashuka. Nikasema basi nikuoe kabisa ili mali ibaki ndani ya nyumba, ukanijibu kwamba mahari yako sina. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Ila nilipenda ulivyotueleza habari ya lile lundo la mawe. Kwamba mpagazi aliyekuwa anaondoka kwenda pwani alipanda Igulya na jiwe lake, akaliacha pale. Akirudi salama alipanda tena, akalitafuta, akalitupa bondeni kwa mkono wake. Kwa hiyo yaliyobaki ni ya wasiorudi. Nami nikaweka langu, lile jeupe lenye mstari mwekundu, na nikaahidi kulirudia.

Swali moja. Kabla hatujashuka uliinama ukalisawazisha jiwe moja lililokuwa limeegama. Nikakuuliza la nani, ukasema la Mgogo aliyekataa kulipa. Kweli?

Nimekupigia simu mara nyingi, hupatikani. Nimeona nirudie kazi yangu ya zamani.

Mwenye kofia,
Justus Chidawali


Igulya,
25 Mei 2024

Mume wangu wa Ugogo,

Barua yako imefika, na kwa kuwa ni ya Mgogo nilitegemea bahasha iwe na vumbi. Imeletwa na wifi yangu Theodora, dada wa marehemu mume wangu. Unamkumbuka, ndiye aliyewapikia wali na kuku chini ya mlima, na wewe ukaomba nyongeza ukisingizia mwenzako. Anakaa Ipuli, na kila Jumamosi anakuja na kibasi cha wageni, yeye na masufuria yake. Barua zangu huingia kwenye sanduku la parokia yake. Tumeisoma jikoni kwa sauti, mimi, yeye na wale kina mama wanaokuna nazi, na kuku wakaungua. Hasara hiyo nayo iko juu yako.

Usijisumbue na simu. Hapa kijijini mtandao hakuna. Uko kileleni tu, na kileleni nina wageni. Siwezi kuongea na Mgogo wakati watu wametoka Ujerumani wanasubiri historia.

Kofia ipo. Nilijaribu kuifunikia mtungi, ikakataa kukaa, kumbe hata kofia za kwenu zinaogopa maji. Sasa naivaa nikipanda, na wageni wananiuliza ni kofia ya kazi. Nawaambia ni ya mume wangu, yuko safarini.

Jiwe uliloulizia nimeshakujibu. La Mgogo aliyekataa hongo. Usirudie swali, utaliongezea jingine.

Nitumie zabibu. Mke gani huyu anakaa bila zabibu na mume yuko Ugogo?

Mkeo asiyelipiwa,
Josepha Lugembe


Manyoni,
7 Julai 2024

Josepha,

Zabibu umezila na barua zako za mwezi uliopita ninazo zote. Naanza kwa utani kidogo maana sijui mlango mwingine wa kuingilia kwako. Tunasema huku kwetu kwamba Mnyamwezi akiona mzigo, kichwa kinamuwasha. Basi mzigo upo, na ni mimi.

Sasa nisikilize.

Mke wangu Agripina alifariki mwaka wa mwisho wa kazi yangu. Binti yetu Jenifa ameolewa Dar es Salaam, na kila akipiga simu ananiambia, baba, funga nyumba uje. Ana nia njema kabisa. Chumba amekipaka rangi. Mwisho wa Agosti anataka niwe nimehamia, na nyumba hii ameshapata mpangaji. Nikienda najua nitakavyokuwa. Nitakuwa babu wa sebuleni, anayeulizwa kama amekunywa dawa.

Nilikubali bila kubisha mpaka nilipopanda mlima wako. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kungoja Jumatatu, kwa sababu barua zako huingia Jumatatu. Nikiwa nazisoma nasikia sauti yako vilevile ulivyokuwa unawaambia wale wa nyuma, polepole, mlima hauhami. Nimeishi miaka mingi nikipeleka barua za watu wengine kwenye milango yao, na nilikuwa nawaona wanavyozipokea. Sikuwahi kujua kumbe ndivyo inavyokuwa.

Nakuomba unikubali niwe mume wako. Mimi nitahamia huko, wewe usiuache mlima. Naweza kukata kuni, naweza kupika, na kwa wageni ninaweza angalau kubeba maji. Kwa desturi ningetuma mshenga, lakini kwa umri wangu nimeona aibu kumtuma mtu akaniombee mke. Nimeona nikuulize mwenyewe, tarishi kwa kalamu yake.

Ukisema ndiyo nitamwambia Jenifa asimpe mtu nyumba kwa haraka. Ukisema hapana nitaelewa. Ila nijibu kabla mwezi wa nane haujaisha.

Justus


Igulya,
20 Julai 2024

Mume wangu, mzigo wangu,

Leo umetuua. Theodora amelazimika kukaa kwenye gunia la mkaa. Yule mama wa mchele alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga na kusema, Mgogo huyu mpeni mlima mzima. Pale uliposema utabeba maji nilishindwa kuendelea kusoma. Mgogo, abebe maji, awape wengine, tena bure. Babu zangu wamegeuka makaburini, na nadhani wamecheka.

Baraza la jikoni limekaa na kuamua mahari. Andika, karani. Kwanza, ng'ombe mia, weupe watupu, na wasiwe wale wenu wa kuhesabika mbavu. Pili, mtungi wa maji kwa kila mpagazi aliyepita Ugogo na kiu, na usituulize idadi, wewe leta tu tutakwambia basi. Tatu, uje kwa miguu kutoka Manyoni na mitungi yote kichwani, ukipigiwa ngoma, ili ujue kwa nini tuliitwa wapagazi. Ukifika Igulya utalipa hongo ya kupanda, hongo ya kushuka, na hongo ya kunitazama.

Theodora anauliza kama binti yako Jenifa atatuamkia shikamoo au atatupa mlenda wenu kwanza.

Aibu ya kutuma mshenga tumeielewa. Nani angekubali kutumwa na Mgogo na chakula cha njiani huna?

Njoo tena na wastaafu wenzako, nimewakumbuka. Siku hizi wageni wanaokuja hawacheki, wanapiga picha tu, na wakifika juu wanauliza kama kuna choo.

Mkeo wa ng'ombe mia,
Josepha


Manyoni,
5 Agosti 2024

Ndugu Josepha,

Barua yako nimeipata, ahsante. Nimeisoma na kucheka pale mnapomkalisha Theodora kwenye mkaa. Wasalimie kina mama wote wa jikoni.

Mtani hakasiriki, ndivyo tulivyolelewa, na mimi sikukasirika.

Nimemjibu Jenifa kwamba nakuja. Amenikatia tiketi ya treni ya tarehe 31 mwezi huu. Vitu vingine nimegawa kwa majirani, baiskeli nimempa Masanja ingawa haitambeba.

Kofia baki nayo, inakufaa kwa jua la huko. Na lile jiwe langu liache lilipo. Kwa ninavyoona litakaa na wenzake.

Nakutakia kazi njema.

Justus Chidawali


Kitete, Tabora,
19 Agosti 2024

Wifi yangu Josepha,

Jumamosi sitakuja. Mkwe wangu amejifungua hapa hospitali, mtoto wa kike, wote wazima, nami ndiye wa uji na wa kufua. Waambie wale wengine wapike, na mchele usiloweshwe kupita kiasi kama mara ile.

Nimekufungia barua ya Mgogo ndani ya hii. Nimeifungua, usinilaumu, tumezoea kuzisoma pamoja. Soma kwanza ya kwake, halafu urudi hapa.

Umesoma? Sasa niambie, huyo ni mtani gani? Mtani ukimtajia ng'ombe mia anakujibu kwamba hata kwa mbuzi mmoja wewe ni ghali. Ukimtukana babu yake anamfufua wa kwako. Huyu amejibu kama anayeandikia ofisi ya maji. Amekuita Ndugu.

Wifi, ile barua ya Julai hebu irudie. Isome peke yako, sisi tusiwepo. Mimi siku ile nilicheka kuliko wote, na nilipofika Ipuli jioni nikiwa nakwangua masufuria nikaanza kuikumbuka mstari kwa mstari. Ukiacha lile neno la mzigo pale juu, hamna utani humo. Hajataja hongo hata mara moja. Amemtaja marehemu mkewe. Mtu hamtaji marehemu mkewe kwa kuchekesha jiko.

Kosa nalo alifanya. Angetuma mshenga tungejua, kwa maana hakuna mtu anayemtuma mshenga kwa utani, hata Mgogo. Yeye kaona aibu, akaja mwenyewe kwa mlango uleule wa kicheko mnaopitia kila siku, na sisi tukamfungulia kwa kicheko. Na wewe ulisoma kwa sauti, wifi. Maneno yale aliyaandika kwa ajili ya mtu mmoja.

Sasa niseme lingine, maana nina haki. Modest alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako. Nakuona kila Jumamosi ukilisawazisha jiwe lake, wageni wakikuuliza unawadanganya. Mara la Mgogo, mara la Mwarabu, mara la jini. Hakuna hata mgeni mmoja uliyewahi kumwambia ukweli. Umeshamlilia kaka yangu vya kutosha, na ukoo wetu hauna neno. Tena mimi nakuambia kama dada mkubwa wa ukoo, siyo kama mpishi.

Ukimtaka Mgogo, sema. Usipomtaka, mwandikie vizuri umwombe radhi, kwa sababu tumemkosea. Ila usikae kimya ukajificha nyuma ya utani. Tarehe 31 si mbali.

Wifi yako,
Theodora


Igulya,
26 Agosti 2024

Justus Chidawali,

Shikamoo.

Sijawahi kukupa, na imekaa kalamuni muda mrefu kabla sijaiandika. Ipokee.

Barua hii haipiti posta, unisamehe kwa kazi yako. Anayekukabidhi ni wifi yangu Theodora mwenyewe, amekuja kwa basi. Mkwe wake amemwachia mama yake mzazi, akaniambia mtoto mchanga hana pa kwenda lakini Mgogo anayo tiketi. Amekuletea asali na michembe ya viazi vitamu. Najua amekufikia navyo vikiwa kichwani kutoka stendi, kwa sababu amekataa katakata kupanda bodaboda. Cheka tu, Mnyamwezi ameona mzigo. Ukimaliza kucheka mkaribishe ndani, umsikilize, maana amekuja kama mshenga. Kwa kawaida huanza upande wa mwanamume, lakini wewe uliona aibu na sisi tulikosa adabu, basi mmoja lazima aanze.

Naomba radhi kwa jiko. Niliisoma barua yako mbele ya watu kabla sijaisoma mimi. Niliposikia kicheko sikurudi nyuma. Nataka ujue kwamba usiku ule sikuirudia, na sasa najua ni kwa nini. Niliogopa nitakachokikuta.

Utani ni kitu kizuri kwa mjane. Nimelitamka neno mume mchana kutwa, wageni wanacheka, hakuna anayenitazama mara mbili. Nilipoisoma barua yako peke yangu wiki iliyopita nililiandika neno hilohilo, nikalifuta. Ndiyo maana umeona nilivyoanza.

Jiwe uliloulizia. Ni la mume wangu Modest. Alikwenda Mererani kwenye machimbo kutafuta, na kabla hajaondoka alipanda Igulya na jiwe kama watu wa zamani, huku akinicheka kwa sababu mimi nililia. Alirudi kwenye jeneza. Wazee wakasema aliyerudi hivyo jiwe lake haliondolewi, kwa sababu hakupanda kulitupa mwenyewe. Basi lipo, na nalisawazisha linapoegama, kwa sababu mvua husogeza udongo chini yake. Wageni nawaambia uongo kwa kuwa sikutaka historia ya watalii iwe na Modest ndani yake. Wewe nilikudanganya mara mbili. Jiwe hilo sitaliacha hata kama utakuja, nataka ulijue hilo mapema.

Leo Jumatatu asubuhi hakukuwa na wageni. Nilipanda peke yangu, na kofia yako, mpaka mtandao ukashika. Nikakupigia. Ulipokea, ukasema haloo, haloo nani mwenzangu, nikasikia nyuma yako watu wanaburuta kitu kizito, labda kabati. Nikakata. Namba ngeni uliyoiona ni ya simu niliyoazima kijijini, aliyepiga ni mimi.

Baada ya hapo nikakaa kwenye lundo na kulitafuta jiwe lako, jeupe, lenye mstari mwekundu. Wageni wa Jumamosi walikuwa wamelifunika kwa ya kwao. Nilitaka kulichukua nishuke nalo nikuletee, halafu nikakumbuka ninavyowaambia watu kila siku. Mwongoza wageni hawezi kuivunja desturi yake mwenyewe. Nimelitoa tu chini ya mengine, nikaliweka juu, linaonekana.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, Justus. Ng'ombe usilete. Mwambie Jenifa kwamba sitakuuliza kila saa kama umekunywa dawa, nitakuuliza mara moja tu asubuhi, na kwamba namkaribisha aje aone. Tiketi ya tarehe 31 ibadilishe, treni hiyohiyo ina upande wa kuja huku.

Jiwe lako mimi siruhusiwi kuligusa tena. Anayelitupa bondeni ni mwenyewe, akishafika. Njoo ulitupe.

Kofia sirudishi.

Josepha